Vyumba Viwili, Pande Nne

Mjini, mtu akitaka kuongeza chumba hupanda ngazi za halmashauri na michoro, nakala ya hati na risiti ya kodi ya ardhi, kisha hungoja kibali cha ujenzi. Akitaka nyumba ya kuishi iwe na duka, hapo anaanza upya na maombi ya kubadili matumizi, maana Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 haimruhusu mtu kuamka asubuhi akageuza sebule kuwa baa. Baba watoto aliyasikia haya kutoka kwa kaka yake aliyeko Songea, akacheka hadi akafuta machozi.

"Hapa Litumbandyosi," akasema, "ramani ni kichwa cha fundi, na kibali ni matofali."

Kauli hiyo ilitugharimu kiangazi kizima.

Haja yenyewe ilikuwa ya kweli. Wifi yangu alikuwa amerudi nyumbani na wanawe. Wetu wa sekondari wakifunga shule, nyumba inajaa. Na mwaka huo mahindi yalikubali, ila bei haikukubali, basi magunia yakapewa chumba cha watoto yangojee humo, na watoto wakahamia sebuleni. Mgeni akibisha hodi usiku ilibidi asimame mlangoni mpaka mikeka ikunjwe ndipo apate pa kuweka mguu. Tulihitaji vyumba viwili, na hakuna aliyepinga.

Mvua zilipokatika, baba watoto akafyatua matofali, akapanga tanuri, akalichoma usiku kucha na vijana wa kitongoji, togwa kwa wasiotumia kali na ugimbi kwa wanaotumia. Tanuri lilipopoa, fundi alipita akigonga moja moja kwa ukucha. Lililoiva hulia, bichi hunyamaza. Mengi yalilia. Fundi akatabasamu, akatoa kamba mfukoni, akauliza, "Tunaelekea upande gani, mzee?"

"Mbele," akajibu baba watoto. Mbele kungekuwa na chumba kimoja, kibaraza, na dirisha la duka la kuuzia sabuni na vocha.

Mbele ya nyumba yetu ni barabara. Hilo si la kwetu peke yetu. Wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya mwaka 1973 na 1976, watu waliokuwa wametawanyika mashambani walihamishwa wakapangwa kwa mistari kandokando ya barabara, ili shule, zahanati na maji viwe karibu. Mistari ile ndiyo mipango miji ya kwanza ambayo wazee wengi wa vijijini waliiona kwa macho. Walioneshwa mahali pa kusimamisha nyumba, lakini hakuna aliyewadokeza kwamba barabara nayo ingekuja kutaka nafasi ya kunenepa.

Msingi wa mbele ulikuwa umeshafika kimo cha goti pale mwenyekiti wa kitongoji alipopita na baiskeli. Akashuka, akaiegemeza, akasalimia wote, akaulizia mavuno, akaulizia afya ya Mama, yaani mama mkwe wangu. Ndipo akauliza alichokishukia.

"Mmepima kutoka katikati ya barabara?"

"Tumepima kutoka ukutani," fundi akajibu.

Mwenyekiti akatikisa kichwa taratibu. Akatueleza anachokijua. Barabara ina hifadhi yake. Kwa barabara kuu na za mkoa, kanuni za mwaka 2009 zilizotungwa chini ya Sheria ya Barabara ya 2007 ziliweka mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Kabla ya hapo zilikuwa 45, yaani 22 na nusu kila upande. Ndiyo sababu ukisafiri nchi hii unakutana na kuta zenye alama ya X za rangi mbili. Aliyeifuata barabara hupigwa X nyekundu, abomoe kwa gharama zake. Aliyefuatwa na barabara hupigwa ya kijani, naye hungoja fidia. Barabara yetu ni ya vumbi, na hifadhi yake si lazima ilingane na ya barabara ya mkoa, lakini hilo ni swali la mhandisi wa barabara, si la fundi wala la mwenyekiti wa kitongoji. Alisema hayo akapanda baiskeli yake akaondoka.

Jioni ile tulikula ugali tukijadili rangi.

"Sisi tutakuwa wa kijani," baba watoto akasema. "Barabara imetukuta hapa."

Mama mkwe wangu alikuwa akinawa mikono. "Imetukuta, mwanangu? Mimi mbona nililetwa hapa kwa ajili ya hiyo barabara?"

Hakuna aliyeongeza neno. Asubuhi fundi akakunja kamba, ila shimo likabaki wazi, kwa kuwa baba watoto alikuwa bado hajakata tamaa nalo. Usiku uliofuata mbuzi wa Baba Mkubwa, jirani yetu wa kushoto, akatumbukia humo akateguka mguu. Weka hilo akilini, litarudi.

Kamba ikahamia kulia. Upande wa kulia wa nyumba yetu kuna njia ya kwenda kisimani. Haina bango wala mawe ya mpaka; ni mstari mweupe wa udongo uliokanyagwa ukakanyagika. Fundi akaona panatosha. Akapigilia vigingi viwili, akavuta kamba kukata njia, akaenda kunywa chai.

Mimi nilikuwa uani nikipepeta, nikaona yote. Wanawake wa kitongoji walianza kurudi na ndoo kichwani. Wa kwanza, mama mtu mzima anayeheshimika, alifika kwenye kamba akasimama. Akashusha ndoo bila kumwaga tone. Akafungua fundo kwenye kigingi, akapita na ndoo yake, akageuka akaifunga tena kamba palepale ilipokuwa. Hakusema lolote, wala hakutazama upande wa nyumba. Wa pili akafanya vilevile. Wa tatu vilevile. Fundi alipomaliza chai yake kamba ilikuwa na mafundo kama wavu wa mvuvi wa Mbamba Bay, kila fundo na mkono wake.

"Mama," akaniuliza kwa sauti ya chini, "hawa wamekasirika?"

"Hawajakasirika, fundi. Wamepita tu."

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaigawa ardhi ya kijiji mafungu matatu: ya watu binafsi na familia, ya pamoja, na ya akiba. Njia ya maji ni ya pamoja. Mwenyekiti hawezi kukupa kwa sababu mmesoma darasa moja, na halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Baba watoto alipoambiwa apeleke ombi lake mkutanoni, akapiga hesabu ya wapiga kura. Mkutano mkuu ni watu wazima wote wa kijiji, na karibu nusu yao ndio hao wenye ndoo. Kamba ikang'olewa kabla ya adhuhuri.

Tukaenda nyuma. Nyuma kuna jiko langu la udongo, na ukishapita jiko, chini ya mti, kuna makaburi: Babu wa nyumba hii, na watoto wawili wa wifi mkubwa waliokufa wachanga. Hesabu ya fundi ilikuwa kwamba jiko litahamishwa na chumba cha pili kitaishia hatua chache kabla ya kaburi la Babu. Aliyasema hayo mbele ya wote, mimi nikiwemo, na neno "litahamishwa" likapita hewani bila kuulizwa litahamishiwa wapi.

Alfajiri, Mama alitandika mkeka baina ya kigingi na kaburi, akamwaga maharage kwenye ungo, akaanza kuchambua. Fundi alifika na jembe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Endelea na kazi, usinijali."

Fundi akatazama jembe, akatazama mkeka, akaketi kwenye tofali. Mama akachambua. Jua likapanda. Saa nne maharage yalikuwa safi kabisa, naye akaanza kuyachambua upya.

Mama ni binti wa milimani, Mmatengo wa kuzaliwa. Huko kwao ardhi iligawanywa kwa ntambo, yaani mgongo wa mlima wenye vijito kuwa mipaka, kila ukoo na wake, na mambo mazito yaliamuliwa kwenye sengu, ambapo watu wa ukoo walikula pamoja nyumbani kwa mzee wao na kuzungumza wakiwa wameshiba. Baba watoto alipokuja kumbembeleza, jibu lake lilikuwa fupi.

"Babu yenu hajaalikwa kwenye kikao hiki. Mkimwalika, nami nitainuka."

Namna ya kumwalika haikupatikana. Kamba ikakunjwa.

Katika hali hiyo ya matofali mengi bila mahali pa kujenga, akaingia shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, kutoka Liuli. Alikuja na kikapu cha dagaa wa Nyasa, akisifu lami ya Mbamba Bay hadi Mbinga, kilomita 66 ambazo zamani mtu aliziapiza. Mfukoni alikuwa na kitu ambacho nyumba yetu haikuwahi kuwa nacho: tepu ya chuma ya kupimia. Shemeji ana kihoteli karibu na ziwa, na alipotaka kukiongezea kibanda cha kuelekea majini aliambiwa habari ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa. Tangu siku hiyo shemeji hupima kila kitu. Alipima ua wetu, akapima choo kilivyo mbali na kisima, akapima jiko langu bila kubisha hodi. Jioni akatoa uamuzi: "Kaka, imebaki kushoto."

Kushoto ni kwa Baba Mkubwa. Mpaka ni mstari wa mkonge, na katikati ya mstari kuna mwembe mkubwa ambao shina lake liko kwao na nusu ya matawi iko kwetu. Embe likianguka huku ni letu, likianguka kule ni lao, na hakuna aliyewahi kuandika hilo popote. Sasa baba watoto alitaka hatua chache kuvuka mkonge. Lakini kabla ya kuomba ardhi ilibidi aombe radhi ya mguu wa mbuzi. Radhi ilipokelewa na ugimbi, ugimbi ukaleta mazungumzo, na mazungumzo yakazaa makubaliano: Baba Mkubwa angetoa hatua kadhaa kwa magunia mawili ya mahindi. Walipeana mikono. Shemeji alipima papo hapo, gizani, kwa tochi ya simu.

Asubuhi Mama Mkubwa alikuja kwetu amejifunga khanga kiunoni. Alisalimia, akaketi, akakubali chai, akaimaliza. Kisha akasema, "Nimesikia nimeuza uwanja wangu. Nimekuja kujua nimeuuza kwa bei gani."

Chini ya mwembe ule ndiko anakouzia maandazi na karanga. Na hata kama asingeuza kitu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe, na uwanja ule ni ua wa nyumba hiyo. Baba Mkubwa alitafutwa, akaonekana shambani, mahali ambapo kwa kawaida hafiki kabla ya saa tatu.

Basi shauri likapelekwa Baraza la Ardhi la Kijiji. Ni chombo cha sheria ileile ya 1999: watu saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Hakimfungi mtu wala hakimtozi faini. Walikuja wakaketi chini ya mwembe wenyewe, maana kivuli chake hakikuwa upande wa mtu. Walizunguka nyumba yetu kwa miguu. Waliona shimo la mbele, vigingi vya kulia, mkeka wa Mama ambao ulikuwa bado umetandikwa. Walihesabu mkonge mmoja mmoja na kukubaliana kwamba mpaka ndio huo. Mama Mkubwa akauliza kuhusu maji ya bati: mkijenga ukutani kwangu, mvua ikinyesha maji yenu yatamwagikia wapi? Hakuna mwanamume aliyekuwa amelifikiria. Ikaandikwa kwamba ukuta wowote mpya uache nafasi, paa limwage maji ndani ya ua wetu, na mkonge usiguswe. Ardhi haikutoka, na magunia mawili yakabaki yetu.

Baba watoto aliinamisha kichwa. "Sasa mimi nijenge angani?"

Mjumbe mmoja, mwanamke wa makamo, akaelekeza kidole nyuma ya nyumba. "Pale je, penye jiko? Hapavuki makaburi, hapagusi njia, barabara iko mbali."

"Pale!" baba watoto akasimama. "Pale tulishapataka sisi. Jiko litahamishwa."

"Mwenye jiko ameulizwa?"

Ua mzima ukanyamaza. Baba watoto akageuka kunitazama kwa mshangao wa kweli, kama vile nimeingia sasa hivi. Watu walikuwa wameshauliza barabara, kisima, marehemu, jirani na mke wa jirani. Jiko, ambamo chakula cha vikao vyote hivyo kilipikwa, lilihesabiwa kuwa uwanja mtupu.

Nikasema nimesikia ombi, na nina masharti. Jiko jipya lijengwe kwanza, kabla ya tofali moja la chumba. Liwe la matofali yaliyolia, siyo yale yaliyonyamaza. Liwe na jiko banifu na dohani, maana macho yangu yamekula moshi wa mafiga vya kutosha. Mlango uelekee njia ya kisimani. Na yaandikwe yote.

"Mke wangu," baba watoto akasema polepole, "haya ni mambo ya ndani, tutayazungumza."

"Andika," Mama akamwambia katibu kutoka kwenye mkeka wake.

Katibu akaandika.

Kazi ikaenda mbio tangu hapo. Fundi alijaza shimo la mbele, akang'oa vigingi vyake, akajenga jiko, halafu vyumba: kozi juu ya kozi, lenta, kenchi, bati. Shemeji alikuja tena kuhakikisha vipimo, akakuta kila kitu kiko sawa, akaonekana kuudhika kidogo. Mvua za kwanza zilipopiga, tulitoka wote kutazama maji ya bati yanaanguka wapi. Yalianguka kwetu. Mama Mkubwa, akiwa upande wake wa mkonge, alitikisa kichwa kuridhia, akarudi ndani.

Wapo wasemao kijijini mtu anajenga anavyotaka kwa kuwa hakuna dirisha la kupeleka fomu. Nyumba yetu inakataa. Kibali kipo, ila kimegawanywa kwa watu, kila upande wa ukuta una mtu wa kuulizwa, na anayeanza na kamba badala ya hodi atakunja kamba hiyo kila upande. Mjini ofisi moja hukukusanyia majibu na kukugongea muhuri. Kijijini unayakusanya mwenyewe.

Kwa hiyo wewe mwenye tanuri linalopoa, fanya hivi. Muulize mtendaji wa kijiji kama kuna mpango wa matumizi bora ya ardhi, na eneo lako limo katika fungu gani. Kama uko kando ya barabara, usimwamini fundi wala jirani kuhusu upana wa hifadhi. Muulize mhandisi wa barabara, upate jibu la maandishi. Tembea mipaka na majirani, waume kwa wake, kukiwa na mwanga wa jua. Kama bado huna hati ya hakimiliki ya kimila, huu ndio wakati wa kuiomba, na majina yawe mawili, la mume na la mke. Waulize wenye njia. Waulize wazee kuhusu walio chini ya mti. Na muulize anayepika.

Karatasi yetu ina sahihi ya Baba Mkubwa, sahihi ya Mama Mkubwa, yangu, ya baba watoto, muhuri wa kijiji na dole gumba la Mama. Imekunjwa ndani ya bahasha pamoja na vyeti vya watoto. Kaandike ya kwako kabla fundi hajatoa kamba mfukoni.